Kinga ya Bei ya Gesi: Nani Anakingwa?

Kila mwaka makampuni ya Marekani yanayouza hisa zake kwa umma hulazimika kupeleka serikalini taarifa ndefu. Ndani ya taarifa hiyo imo sehemu inayojulikana kwa namba yake tu, 7A, nayo huzungumzia hatari za soko. Sehemu hii iliwekwa na kanuni za mwaka 1997, baada ya misiba ya 1993 na 1994 ambapo makampuni makubwa, na hata jimbo dogo tajiri la Orange County huko California, yalijikuta yamezama katika mikataba ya fedha ambayo wenye hisa na wananchi hawakujua hata kama ipo. Kwa kampuni inayochimba gesi asilia, sehemu hiyo huwa ni kurasa chache. Kwanza kampuni hueleza kwamba bei ya gesi hupanda na kushuka. Kisha hueleza kwamba imejikinga. Halafu huja majedwali, na kabla au baada ya majedwali huwekwa tamko kwamba mikataba hii haifanywi kwa ajili ya kamari.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki kurasa hizo kama tunavyohakiki maandishi yoyote ya itikadi, yaani kwa kuuliza zinasema nini, zinanyamaza wapi, na ukimya huo unamfaa nani. Kazi hii ni ya lazima kwa sababu miongoni mwetu kuna makosa mawili yanayotembea pamoja. Kosa la kwanza ni la mkereketwa ambaye akisikia neno soko la fedha hukata shauri papo hapo kwamba yote ni kamari ya mabepari, na hivyo hajisumbui kujua mitambo yake inavyofanya kazi. Kosa la pili ni la mtaalamu aliyefunzwa katika vyuo vya kibepari, ambaye hurudi akitufundisha kwamba kujikinga ni kuondoa hatari, kama vile mtu anavyoondoa magugu shambani. Wote wawili hawajausoma mkataba wenyewe.

Tuanze na chanzo cha hatari. Sehemu ya 7A huzungumza juu ya kuyumba kwa bei kama watu wanavyozungumza juu ya mvua na jua, jambo lililokuwapo tangu dunia iumbwe. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Phillips, iliamua kwamba serikali ya shirikisho inayo mamlaka ya kudhibiti bei ya gesi kisimani inapouzwa kuvuka mipaka ya majimbo. Tusiupambe utaratibu ule. Bei ziliwekwa chini mno kwa muda mrefu, wachimbaji wakapendelea kuuza ndani ya majimbo yao ambako udhibiti haukufika, na katika miaka ya 1970 viwanda na shule za kaskazini zikakosa gesi wakati wa baridi kali. Lakini dawa iliyochaguliwa haikuwa kuusahihisha udhibiti. Sheria ya 1978 ilianza kuulegeza, sheria ya 1989 ikaamuru uondolewe wote, na kufika Januari 1993 hapakubaki hata kisima kimoja chenye bei ya serikali. Katikati ya safari hiyo, Aprili 1990, soko la bidhaa la New York lilianza kuuza mikataba ya bei ya baadaye ya gesi, kwa kutumia kituo cha mabomba kiitwacho Henry Hub katika jimbo la Louisiana kuwa mahali pa kupimia bei. Kwa hiyo mfumo uliofungulia bei iyumbe ndio uliofungua na duka la kuuza kinga dhidi ya kuyumba huko. Jambo hili halimo katika 7A.

Na kuyumba kwenyewe si mchezo. Kipimo cha gesi katika soko hilo ni kiasi cha joto kiitwacho BTU milioni moja. Kwa urahisi tutakiita kipimo kimoja. Julai 2008 kipimo kimoja kiliuzwa zaidi ya dola 13. Septemba 2009 kilikuwa chini ya dola 3. Aprili 2012 kilishuka chini ya dola 2. Agosti 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimelitikisa soko la dunia, kilikaribia dola 10; mwanzoni mwa 2024 kilikuwa tena chini ya 2.

Sasa kampuni inajikingaje? Njia nyepesi kuliko zote ni mkataba wa kubadilishana bei. Kampuni na benki hupatana juu ya bei moja, tuseme dola 3. Gesi yenyewe haiingii katika mkataba huo. Kampuni itaiuza kwa yeyote kwa bei ya siku. Siku ikifika, bei ya soko ikiwa dola 2, benki huilipa kampuni dola 1 kwa kila kipimo. Bei ikiwa dola 5, kampuni huilipa benki dola 2. Kwa vyovyote kampuni hubaki na dola 3. Mpaka hapo mtaalamu wetu yuko sawa: kampuni imejua mapato yake mapema, inaweza kupanga uchimbaji, kulipa mishahara, kulipa deni. Mkereketwa naye akubali kwamba hapa hakuna kamari. Mkulima aliyepatana bei ya mpunga wake kabla ya mavuno amefanya jambo la aina hiyo hiyo.

Njia ya pili Wamarekani huiita kola, kama kola ya shati. Kampuni hununua haki ya kuuza kwa bei ya chini iliyowekwa, kwa mfano dola 3, na kwa kuwa haki hiyo ina gharama, huilipia kwa kumwuzia mwenzake haki ya kuchukua faida yote inayozidi bei ya juu, tuseme dola 3.60. Hakuna fedha inayotolewa siku ya kutia sahihi, ndiyo maana huitwa kola isiyo na gharama. Huku kwetu pwani tunajua kifaa kingine kilichovaliwa shingoni bila malipo. Lakini tusikimbilie mzaha, maana utamu wa jambo uko katika njia ya tatu, ambayo makampuni mengi ya gesi yameitumia.

Hii ni kola ya pande tatu. Kampuni, ikitaka masharti yanayopendeza zaidi katika jedwali, huuza kitu cha tatu: huahidi kwamba bei ikishuka chini ya kiwango fulani, tuseme dola 2.50, kinga itaishia hapo. Fanya hesabu. Bei ikiwa dola 2.70, kampuni hupata dola 3 zake. Bei ikiwa dola 1.80, kampuni huuza gesi kwa 1.80 na kuongezewa senti 50 tu, jumla 2.30. Bei ikiwa 1.50, hupata dola 2. Maana yake ni kwamba mwavuli huu unafanya kazi wakati wa manyunyu na unajifunga wenyewe mvua kubwa inapoanza. Hata hivyo katika maelezo ya kampuni kiasi hicho chote cha gesi huhesabiwa kuwa kimekingwa, na msomaji asiye na kalamu mkononi huamini.

Kuna na tofauti ya mahali. Kinga hupimwa kwa Henry Hub, lakini gesi huchimbwa Pennsylvania au Texas magharibi, ambako mabomba yakijaa bei hufuata njia yake. Katika kituo cha Waha huko Texas bei ilishuka chini ya sifuri mwaka 2019, na tena 2024. Mchimbaji alilipa ili gesi yake ichukuliwe. Mwenye kinga ya Louisiana peke yake hakukingwa na hilo.

Tufike kwenye riba, kwa sababu hapo ndipo tunapomwona mwenye nyumba. Kampuni ya gesi ya kati au ndogo kwa kawaida huishi kwa mkopo wa benki uliowekewa rehani gesi iliyo ardhini. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika majani, mabenki hukaa na kukadiria upya thamani ya gesi hiyo kwa bei wanazozipanga wenyewe, na kutokana na kadirio hilo huamua kampuni iruhusiwe kukopa kiasi gani. Riba ya mkopo huo hupanda na kushuka kufuata kiwango cha soko. Zamani kiwango hicho kilikuwa LIBOR ya London, ambayo mwaka 2012 ilidhihirika kwamba mabenki yaliyokuwa yakiitangaza yalikuwa yakiipotosha kwa faida yao, Barclays ikiwa ya kwanza kutozwa faini. Ile ya dola ilikoma Juni 2023 na mahali pake pakachukuliwa na kiwango kiitwacho SOFR. Kampuni inayoogopa riba kupanda hufanya mkataba wa kubadilishana kama ule wa bei: hulipa riba ya kudumu na kupokea ile inayoyumba. Woga huo una sababu. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mwezi Julai 2023. Kwa mwenye deni la dola bilioni 1 lisilokingwa, kila asilimia moja ni dola milioni 10 kwa mwaka.

Hapa ndipo 7A inapopotosha zaidi. Jedwali la bei ya gesi liko mahali pake, na la riba liko mahali pake, kama kwamba ni magonjwa mawili ya watu wawili. Katika maisha ya kampuni ni ugonjwa mmoja. Bei ya gesi ikishuka, mabenki hupunguza kiwango cha kukopa. Kampuni iliyokuwa imetumia nusu ya nafasi yake hujikuta imeijaza. Na mikataba mingi husema kwamba kadiri nafasi inavyojaa ndivyo nyongeza ya riba inavyokua. Kwa hiyo mapato hupungua, mkopo husinyaa na riba huongezeka kwa siku hizo hizo. Kisha angalia kipimo kinachotumiwa sana katika kurasa hizo: kampuni huonyesha litakalotokea bei ikibadilika kwa asilimia 10. Asilimia 10! Katika bidhaa ambayo tumeona ikianguka kutoka 13 hadi chini ya 3 kwa muda wa miezi 14. Huo ni sawa na kupima uimara wa ngalawa ndani ya beseni.

Tena, nani anataka kinga? Mara nyingi si mchimbaji. Mikataba ya mikopo hiyo huamuru kampuni iikinge sehemu fulani ya uzalishaji wake, na benki iliyokopesha ndiyo mara nyingi inayouza kinga hiyo pia. Mwamba ngoma huvutia kwake. Benki hupata riba, hupata faida ya kuuza mkataba, na hupata hakika kwamba deni litalipwa. Si ubaya wa mtu mmoja mmoja. Ndivyo mtaji wa fedha unavyousimamia mtaji wa uzalishaji. Sheria ya fedha ya Marekani ya 2010 ilipotaka mikataba ya namna hii ipitishwe katika vituo vya pamoja na kuwekewa dhamana, wachimbaji wanaojikinga waliruhusiwa wabaki nje, na wengi wao huweka rehani ile ile ya visima badala ya fedha taslimu. Ni nafuu ya kweli, ila ni nafuu iliyomo mkononi mwa benki ile ile.

Asiye na nafuu hiyo huonja jambo ambalo wanafunzi wetu hawana budi kulishika kuliko mengine yote: kinga haiondoi hatari, huibadilisha sura. Hatari ya bei hugeuka kuwa hatari ya kukosa fedha mkononi. Kampuni ya EQT ya Pittsburgh, moja ya wachimbaji wakubwa kabisa wa gesi nchini Marekani, iliingia mwaka 2021 ikiwa imefunga sehemu kubwa ya gesi yake kwa bei za chini. Bei zilipopanda, hasara ya mikataba katika vitabu vya mwaka ule ilizidi dola bilioni 3, na kampuni ikafunga mwaka na hasara ya zaidi ya bilioni 1, katika mwaka ambao gesi ilikuwa na soko zuri kuliko miaka kadhaa iliyotangulia. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba sehemu ya hasara hiyo ilikuwa ya vitabuni: gesi iliyokuwa bado ardhini nayo ilipanda thamani, ila wahasibu hawaihesabu mpaka iuzwe. Kampuni haikufa. Lakini dhamana ya fedha huitishwa leo, na gesi ya mwaka ujao haiwezi kuuzwa leo. Kampuni ya Kijerumani Metallgesellschaft, iliyokuwa imejikinga kwa ajili ya ahadi zake za kuuza mafuta kwa miaka mingi mbele, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 1993 kwa pengo la namna hiyo hiyo kati ya leo na kesho, upande wake ukiwa ni bei kushuka, na mabenki yakalazimika kuiokoa. Kuruka majivu, kukanyaga moto.

Na lile tamko la kutofanya kamari? Tulipime kwa kampuni ya Chesapeake ya Oklahoma City, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Aubrey McClendon na Tom Ward, ambayo kwa miaka mingi ilijigamba kwa ustadi wake wa kujikinga. Oktoba 2008, bei zikiporomoka, McClendon mwenyewe aliitishwa fedha kwa hisa za kampuni alizokuwa amenunua kwa mkopo, akalazimika kuuza karibu zote. Mwishoni mwa 2011 kampuni ilifunga na kuchukua faida ya kinga zake karibu zote za gesi ya mwaka 2012. Kuondoa kinga kwa sababu unaamini bei itapanda ni kubashiri; hakuna jina jingine. Miezi michache baadaye kipimo kimoja kilikuwa chini ya dola 2. Mwaka 2012 huo huo shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba McClendon alikuwa amekopa kiasi cha dola bilioni 1.1 kwa rehani ya hisa zake binafsi katika visima vya kampuni, na kwamba kati ya 2004 na 2008 yeye na Ward walikuwa wakiendesha mfuko wao wa kufanya biashara ya bei za bidhaa, gesi ikiwemo. Kinga na kamari zimeandikwa kwa mikataba ya namna moja. Kinachozitenganisha ni kama nyuma ya karatasi iko gesi ya kweli ya kiasi kile kile, na kama anayeamua ana maslahi mengine mfukoni. Jedwali la 7A haliwezi kukuambia la pili.

McClendon aliondoka kazini 2013. Machi 1, 2016 alishtakiwa kwa kula njama katika zabuni za ardhi ya uchimbaji, na kesho yake akafa katika ajali ya gari. Kampuni iliendelea kupunguza wafanyakazi. Septemba 2015 pekee iliwaachisha kazi takriban asilimia 15 yao. Juni 2020 iliomba ulinzi wa mufilisi. Mwezi mmoja kabla ya hapo ilikuwa imewalipa viongozi wake 21 jumla ya dola milioni 25 ili wasiondoke. Kinga ya namna hiyo haina upande wa tatu unaojifunga. Wenye ardhi ndogo ndogo ambao gesi ilichimbwa chini ya mashamba yao, kwa kawaida hulipwa mrabaha kwa bei ya gesi iliyouzwa, si kwa faida ya mikataba ya benki. Bei ikianguka, wao huanguka nayo, hata kama kampuni imepokea fedha za kinga kwa gesi ile ile.

Je, haya yanatuhusu? Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na kinga ya bei ya aina nyingine. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni ya Uganda ilikuwa na mifuko ya kutegemeza bei ya pamba na kahawa: mkulima alilipwa chini ya bei ya dunia wakati wa neema ili, ilisemwa, ategemezwe wakati wa shida. Fedha zikarundikana, naye hakuulizwa zitumikeje. Kwa hiyo kuichukua kinga kutoka kwa mabenki na kuipeleka serikalini hakutoshi, ikiwa aliyekatwa hana sauti.

Kuna na mifano ya karibu zaidi. Shirika la mafuta la umma la Sri Lanka, Ceylon Petroleum, liliuziwa na mabenki ya kigeni mikataba ya kujikinga bei ya mafuta isipande. Mwishoni mwa 2008 bei ilianguka, shirika likadaiwa mamia ya mamilioni ya dola, mahakama kuu ya nchi ikasimamisha malipo, na mabenki yakaenda kushitaki nje na kushinda: Standard Chartered huko London mwaka 2011, na Deutsche Bank katika baraza la usuluhishi mwaka 2012, ikipewa dola milioni 60. Serikali ya Mexico kwa upande wake kwa miaka mingi imenunua haki ya kuuza mafuta kwa bei ya chini iliyowekwa. Hulipa gharama yake mbele, mara nyingi kiasi cha dola bilioni 1 kwa mwaka, na haidaiwi zaidi. Mwaka 2009 ilipokea zaidi ya dola bilioni 5, na 2015 zaidi ya bilioni 6. Miaka mingine ilipoteza ada tu. Ni kinga ghali inayoonekana katika bajeti, ambayo mbunge anaweza kuiuliza. Ile ya Sri Lanka ilionekana rahisi.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Gesi tunayotumia nyumbani kwa umeme na viwanda huuzwa kwa mikataba ya muda mrefu, haifuati Henry Hub, na kwa hiyo hatari yetu kubwa hadi sasa imekuwa upande wa deni na dola: bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, lilijengwa kwa mkopo wa China. Gesi ya kina kirefu baharini, ile iliyozungumzwa kwa miaka mingi kwamba itageuzwa kimiminika huko Lindi na kusafirishwa, ni jambo jingine. Gesi ya namna hiyo huuzwa duniani kwa bei zinazofungamana na mafuta au na masoko kama Henry Hub. Siku hiyo watakuja watu wenye majedwali, na kola isiyo na gharama itakuwa ya kwanza kutolewa mkobani. Wasifukuzwe, wala wasitiliwe sahihi siku hiyo. Waulizwe kwanza: bei ikienda upande usiotarajiwa kwa nusu, si kwa asilimia 10, kesho yake asubuhi tutadaiwa dola ngapi taslimu, kwa hati ya nani, na zitatoka fungu gani la bajeti?